Baskeli ikikuharibikia katikati ya triathloni: la kufanya ukiwa peke yako barabarani

Kila msimu wa mashindano ukikaribia, wanaojiandaa kwa triathloni yao ya kwanza (kuogelea, kisha baskeli, kisha kukimbia) huniuliza maswali yale yale. Nikipata pancha ndiyo nimekwisha? Naruhusiwa kumwita fundi wa kijijini? Nibebe nini, niache nini? Nimeona niyaandike majibu yote pamoja, ili ukisoma leo, jioni uende ukajaribu kwenye baskeli yako mwenyewe.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa: hujakwisha. Pancha moja haimtoi mtu mashindanoni. Kinachowatoa wengi ni pancha ya pili, ile inayokuja dakika chache baada ya kubadilisha mpira, kwa sababu mwiba uliotoboa mpira wa kwanza bado umekaa ndani ya tairi. Mimi yalinikuta katika mbio zangu za pili, kati ya Jambiani na Makunduchi, huku Unguja. Nilibadilisha mpira mbio mbio, nikapanda, sikufika mbali tairi likalala tena. Nilipolivua nikapitisha kidole ndani, nikakuta mbigili. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, kimezama kwenye raba, na ncha imechungulia upande wa ndani. Mpira wa akiba sikuwa nao tena. Nilisukuma baskeli mpaka muda ukanipita.

Kwa hiyo katika hatua zote za hapa chini, ukiwa na haraka ya kupunguza kitu, punguza kingine chochote lakini usipunguze kutafuta kilichotoboa.

Vitu vya kuwa navyo

Vyote hivi vinaingia kwenye mkoba mdogo chini ya kiti:

- Mipira ya ndani miwili ya saizi ya tairi lako. Soma namba zilizochorwa ubavuni mwa tairi (700x25, 26x1.95, 28x1½) na ununue kwa namba hizo. Usinunue kwa kukadiria kwa macho.
- Vijiko viwili vya kutolea tairi, vya plastiki. Vya chuma hukwaruza ringi na hutoboa mpira kirahisi.
- Pampu ndogo inayoshika valvu yako.
- Viraka, msasa na solusheni. Solusheni ikishafunguliwa hukauka ndani ya kopo lake, basi ya mashindano iwe mpya.
- Funguo za pembe sita zinazoingia kwenye skrubu zako, na spana kama magurudumu yako yanafungwa kwa nati. Nati ya gurudumu la nyuma mara nyingi ni namba 15, lakini ipime nyumbani.
- Kitoa pini cha cheni na kiungo kimoja cha kuungia, cha aina ya cheni yako.
- Kipande cha tairi kuukuu au cha kopo la dawa ya meno, ukubwa wa nusu ya kiganja. Kazi yake utaiona mbele.
- Kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Valvu zinawachanganya wengi, basi nizieleze. Ziko aina tatu. Ya kwanza ni nene kama ya gari, imejaa kwenye baskeli za milimani za mtumba. Ya pili ni nyembamba, yenye kinati kidogo juu ambacho lazima ukifungue kabla ya kutia upepo, nayo ndiyo ya baskeli za mbio. Ya tatu ni ile ya baskeli za Phoenix na ndugu zake, ambayo ndani yake kuna kimpira chembamba kilichovikwa kwenye sindano ya valvu. Kama yako ni hii ya tatu, beba vimpira viwili vya akiba. Tairi linalopungua taratibu bila tundu kuonekana, mara nyingi ni kimpira hicho kimechakaa, mpira wenyewe hauna kosa.

Na mitungi midogo ya gesi? Inajaza tairi kwa sekunde chache, lakini huku kwetu kuipata ni shida na ukikosea umemaliza. Mwaka 2008, kwenye mashindano ya dunia ya Ironman (triathloni ya masafa marefu) kule Hawaii, Chrissie Wellington wa Uingereza alipata pancha akiwa anaongoza. Gesi ya mitungi yake ikamwishia bila tairi kujaa. Akasimama kando ya barabara akingoja, mpaka mshindani mwenzake, Rebekah Keat wa Australia, akampa mtungi wake akipita. Wellington alishinda siku ile. Ukitaka gesi beba, lakini pampu ya mkono iwepo.

Sheria: nani anaruhusiwa kukusaidia

Triathloni ni mchezo wa kujitegemea. Mtu wa nje haruhusiwi kukutengenezea baskeli, awe fundi, kaka yako au kocha. Lakini kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinaruhusu washindani wa mbio moja kupeana vitu vidogo kama pampu, mpira wa ndani na viraka. Wasichoruhusiwa ni kupeana baskeli nzima, gurudumu au kofia. Unaruhusiwa pia kusukuma au kubeba baskeli kwa miguu, ila huruhusiwi kusonga mbele ukaiacha nyuma. Kofia iwe imefungwa kidevuni muda wote uko na baskeli kwenye njia ya mbio. Waandaaji huongeza masharti yao, kwa hiyo nenda kwenye kikao cha maelekezo na uulize.

Sasa, sote tunajua vijiji vyetu. Hujamaliza kuegesha baskeli, mzee ameshainuka barazani na fundi anakuja na karai lake la maji kutoka chini ya mti wa mkungu. Wanakuja kwa wema, na ukiwajibu kwa ukali utakuwa umewakosea. Sema: "Shikamoo mzee. Ahsante sana, nashukuru, lakini sheria ya mbio hainiruhusu nishikiwe baskeli. Niombeeni dua tu." Watakuelewa mara moja, na mara nyingi huyo mzee ndiye atakayewaondoa watoto barabarani wakati wewe unafanya kazi.

Kabla ya siku yenyewe

Badilisha mpira mara kumi nyumbani, gurudumu la nyuma zaidi kuliko la mbele. Mara mbili za mwisho fanya ufukweni, mikono ikiwa na maji ya chumvi na mchanga, kwa maana ndivyo itakavyokuwa ukitoka baharini. Hesabu umepiga pampu mara ngapi mpaka tairi likawa gumu unavyotaka, kisha ikariri hiyo hesabu, kwa sababu pampu ndogo hazina kipimo.

Usiku wa kuamkia mbio, zungusha kila tairi polepole chini ya taa na utoe vigae vya chupa vilivyonasa. Cheni ipakwe mafuta kidogo, ifutwe. Na usijaze tairi mpaka kiwango cha juu kabisa kilichoandikwa ubavuni: baskeli itakaa juani wakati wewe uko majini, na upepo ukipata joto hutanuka.

Hatua kwa hatua: pancha

1. Acha kukanyaga na utoke barabarani upande wa kushoto. Ikiwa tairi la mbele ndilo lililolala, usikamate breki ya mbele kwa nguvu, utaanguka. Rudisha uzito nyuma, nyoosha mkono kuwaonya wa nyuma yako, simama kwenye ardhi ngumu. Usitengenezee kwenye mchanga. Barabara nyingi zetu hazifungwi siku ya mbio, na daladala halijui kama uko mashindanoni.

2. Futa mikono, kunywa maji funda mbili, kisha zungusha gurudumu uangalie kwa nje. Mwiba ukiuona, usiung'oe kwanza. Kumbuka umekaa wapi ukilinganisha na valvu au maandishi ya tairi.

3. Toa gurudumu. La nyuma, weka kwanza gia ndogo kabisa ya nyuma. Kama breki zako zinabana ringi, zilegeze. Vuta nyuma mkono wa gia (ule unaoning'inia chini ya gia za nyuma na kushika cheni), gurudumu litashuka lenyewe.

4. Toa upepo wote uliobaki, kisha kanda tairi kwa vidole gumba kuzunguka pande zote mpaka kingo zishuke katikati ya ringi. Hapo tairi linapata ulegevu. Chomeka kijiko cha kwanza upande usio na valvu, cha pili umbali wa spoki mbili tatu, halafu telezesha. Toa upande mmoja tu wa tairi, wa pili ubaki ndani ya ringi.

5. Tafuta kilichotoboa. Tia upepo kidogo kwenye mpira uliotoka, uupitishe karibu na mdomo au shavu mpaka usikie unapovuja. Uweke juu ya tairi vile vile ulivyokaa, valvu kwa valvu, na utajua pa kuangalia. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, duara zima, polepole. Kitambaa kitanasa mahali ambapo kidole kingechomwa. Mbigili na misumari huonekana. Kinachofichika zaidi ni kijiwaya chembamba kama unywele, kinachotoka kwenye tairi za magari zilizochakaa. Kukiona kwa nje ni vigumu, na ndani hujitokeza milimita moja tu. Kisukume kutoka ndani kwenda nje kwa ncha ya ufunguo, ukikamate kwa kucha au meno. Ukipata kimoja usisimame, maliza duara. Hatua hii ichukue dakika nzima bila kuionea uchungu.

6. Tia mpira mpya upepo kidogo, kiasi cha kushika umbo la duara tu. Ingiza valvu kwanza, kisha mpira wote ndani ya tairi bila kuusokota.

7. Rudisha tairi kwa vidole gumba, ukianzia upande wa mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Pale mwisho panapobana, usichukue kijiko. Kosa hili ndilo linalowagharimu wengi: kijiko huubana mpira mpya na kuutoboa kabla hata haujatembea. Rudi upande ulioanzia, kanda tena kingo zishuke katikati ya ringi, utapata nafasi. Ukimaliza, sukuma valvu juu kisha ivute chini, mpira usibanwe chini yake.

8. Tia upepo nusu. Zungusha gurudumu uangalie pande zote mbili: mpira usichungulie popote, na ule mstari mwembamba ulio juu ya ringi uende sawa. Ukiwa sawa, piga pampu mpaka ile hesabu yako ya nyumbani. Shika valvu kwa mkono mmoja wakati unapiga, kwani valvu nyembamba zinakatika.

9. Rudisha gurudumu, kaza, funga breki, kamata breki zote mbili kabla ya kupanda. Mpira mbovu na takataka zako ziingie mfukoni. Kutupa vitu njiani kuna adhabu, na ng'ombe na mbuzi wanakula nailoni.

10. Ondoka kwa gia nyepesi. Usijaribu kuzilipa dakika zote ulizopoteza ndani ya kilomita mbili, hasa msimu wa kusi ukiwa unaelekea kusini na upepo uko usoni. Bado kuna kukimbia mbele yako.

Kama baskeli yako ni ya nati, au mipira imekwisha

Fanya kama mafundi wetu wanavyofanya: gurudumu usilitoe. Pindua baskeli, fungua upande mmoja wa tairi, vuta mpira nje pale panapovuja tu. Kausha, piga msasa mpaka weusi unaong'aa ugeuke wa kufifia, paka solusheni eneo kubwa kuliko kiraka, kisha ngoja. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Solusheni haishiki ikiwa mbichi. Ingoje ikauke mpaka ukiigusa pembeni haikunatii, ndipo uweke kiraka na kukikandamiza kwa nguvu. Ukikosa subira hapo, utarudia kazi yote.

Cheni

Cheni kuchomoka ni jambo dogo. Hutokea sana kwenye matuta, kama yale ya Jozani yaliyowekwa kuwalinda kima punju. Sukuma mkono wa gia wa nyuma kuelekea mbele ili cheni ilegee, ining'inize juu ya meno ya mbele, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono kwenda mbele. Itaingia yenyewe. Futa mikono kwenye kitambaa kabla ya kushika usukani.

Cheni kukatika kunataka utulivu zaidi. Toa kiungo kilichovunjika kwa kitoa pini, ili ncha zote mbili zibaki na vile vibapa vyembamba vya ndani. Pitisha cheni kwenye njia yake (ipige picha nyumbani uijue), unganisha kwa kiungo chako. Kukifunga sawasawa, kipeleke sehemu ya juu ya cheni, kamata breki ya nyuma, kanyaga pedeli kwa nguvu mpaka usikie kimelia. Kuanzia hapo cheni huenda ikawa fupi: usiweke gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, utavunja mkono wa gia.

Mengine, kwa ufupi

Spoki ikikatika, izungushie kwenye jirani yake isipigepige. Ringi ikigusa breki, ilegeze breki hiyo na uende taratibu. Waya wa gia ya nyuma ukikatika, cheni itashuka kwenye gia ngumu kuliko zote. Kaza skrubu yenye alama ya H kwenye mkono wa gia, itasogea hatua moja au mbili kwenye wepesi na utamaliza nayo. Breki zikifa zote mbili, shuka. Barabara yetu ina watoto na ng'ombe, na hakuna nafasi ya mshindi inayofaa kumgonga mtoto.

Ukikwama

*Napiga pampu, tairi halijai.* Angalia kinati cha valvu nyembamba, pengine hukukifungua. Kisha kichwa cha pampu, huenda hakijazama. Kwenye Phoenix, badilisha kimpira. Vyote vikiwa sawa, mpira umebanwa wakati wa kufunga na una tundu jipya.

*Tairi limevimba mahali pamoja.* Toa upepo mara moja. Ukingo haujakaa, au mpira umeingia chini yake. Ukiacha, utapasuka.

*Pancha imerudi na mwiba sioni.* Angalia tundu liko upande gani wa mpira. Likiwa upande wa ringi, utepe unaofunika vichwa vya spoki umehama, urudishe. Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba, upepo ulikuwa kidogo na tuta au shimo limeubana mpira. Tia zaidi safari hii.

*Tairi lenyewe limechanika.* Weka kile kipande cha tairi kuukuu ndani, kati ya mpira na mpasuko, kisha utie upepo pungufu. Ukikosa, noti iliyokunjwa mara kadhaa inashika mpaka mwisho wa mbio.

*Sina mpira, sina kiraka.* Mwombe mshindani anayepita. Ukikosa, kunja mpira pale palipotoboka, ufunge fundo la nguvu juu na chini ya tundu, uurudishe na utie upepo. Utaenda ukirukaruka, lakini utaenda. Usipande juu ya tairi lililolala kabisa, utaharibu ringi.

*Hakuna kilichofaa.* Sukuma, kama muda unaruhusu. Viatu vyenye chuma chini vinateleza kwenye lami, na ukivivua lami ya saa tano itakuunguza, basi tembea kwenye majani ya kando. Ukiamua kuacha, usipande gari la jirani ukaenda nyumbani kimya kimya. Mfikie mwamuzi au msimamizi wa njia wa karibu, mpe namba yako, mrudishie kifaa cha kupimia muda. Mshindani asiyeonekana hutafutwa, na kwa kuwa siku ilianzia majini, watu wa boti nao hurudishwa baharini kumtafuta.